Kumpa Ombaomba au Kumpita: Mwongozo Kamili wa Kutoa Sadaka kwa Akili

Mkono ukishanyooshwa mbele yako, umechelewa kuanza kufikiri. Taa za barabarani zinabadilika, aliye nyuma anakusukuma, na unachofanya kinatokana na hisia iliyowahi kufika: huruma, aibu au hasira. Ndiyo maana mtu huyohuyo leo anatoa noti nzima, kesho anamfokea mwingine mwenye shida ileile. Mwongozo huu unauhamisha uamuzi huo kutoka barabarani na kuuleta nyumbani, ambako unaweza kuketi ukahesabu ulicho nacho na kuamua kiende kwa nani, kwa njia gani.

Hatua ya 1: Ijue kazi yenyewe

Kuombaomba ni kazi, upende usipende. Ina saa zake, vituo vyake, gharama zake na ushindani wake. Anayeishi kwa kuomba anajua tarehe za mishahara, siku za ibada na misimu ya sikukuu. Anajua ni njia panda gani magari husimama muda mrefu na ni mlango upi wa benki una mlinzi asiyefukuza. Mahali pazuri hapapatikani bure: pana aliyetangulia, na mara nyingine pana mtu anayedai chake ili akuache ukae. Kuna nauli. Kuna mgao wa anayemshika mkono kipofu. Kuna malazi yanayolipiwa kwa usiku mmoja mmoja. Pesa ikibaki, haina pa kuwekwa, kwa sababu anayelala nje hulala na akiba yake mwilini, na wezi wanalijua hilo.

Hadithi za ombaomba mwenye nyumba za kupangisha husimuliwa karibu kila mji, na sikatai kwamba mmoja wao huenda yupo. Waliopimwa wanaonyesha picha nyingine. Utafiti uliochapishwa Canada mwaka 2002 uliwahoji ombaomba 54 wa katikati ya jiji la Toronto. Kipato chao cha kati kutokana na kuomba kilikuwa dola 300 za nchi hiyo kwa mwezi, na matumizi makubwa kuliko yote yalikuwa chakula; tumbaku ikafuata, kisha pombe na dawa za kulevya. Asilimia 70 walisema wangependelea kazi yenye mshahara wa kima cha chini, ila wengi waliona hawangeimudu kwa sababu ya maradhi ya akili, ulemavu au kukosa ujuzi. Huo ni mji mmoja wa nchi tajiri, na kiasi kinatofautiana kwingineko. Lakini kutaka kazi na kuiweza kazi ni mambo mawili popote pale, na mtoaji asiyeyatenganisha hayo atapoteza pesa nyingi huko mbele.

Kuna kizuizi kingine ambacho wenye mishahara hatukioni. Kuomba hulipa leo. Ajira hulipa mwisho wa mwezi. Mtu asiye na akiba hawezi kufanya kazi siku 30 akisubiri, hivyo anaacha siku ya nne na kurudi kituoni kwake, nasi tunasema ni mvivu. Ukimwajiri mtu aliyekuwa akiomba, mlipe kwa siku wiki za mwanzo, kisha kwa wiki, ndipo uhamie kwenye mwezi.

Hatua ya 2: Tenga fungu kabla ya kutoka nyumbani

Kutoa kwa hisia kuna ubaya wa kumfikia anayelia kwa sauti kubwa tu. Chukua karatasi, andika kipato chako cha mwezi, toa madeni na wanaokutegemea, kisha amua kiwango unachoweza kukitoa hata mwezi ule mbaya. Muislamu mwenye mali iliyofikia nisabu, yaani thamani ya takriban gramu 85 za dhahabu, ikakaa kwake mwaka mzima wa mwandamo, anadaiwa zaka ya asilimia 2.5. Wakristo wengi hutumia fungu la kumi. Asiyefuata mojawapo achague asilimia yake mwenyewe aishike. Asilimia moja isiyokatika ina kazi kubwa kuliko kumi inayotolewa mara moja kwa mbwembwe.

Fungu hilo ligawe mara tatu. Sehemu ndogo, tuseme moja ya tano, iwe ya barabarani: chenji inayokaa mfuko wa peke yake, ikiisha imekwisha. Nusu ya fungu iwe ya watu unaowajua au unaoweza kuwajua kwa majina. Inayobaki iende kwenye taasisi zinazofanya mambo ambayo mtu mmoja hawezi, kama upasuaji, kesi za watoto au misaada ya maafa.

Zaka iandikie daftari lake. Sura ya Tauba, aya ya 60, inataja makundi manane yanayostahiki, na si kila mkono unaonyooshwa uko ndani ya hayo manane. Usihesabu chenji ya njiani kuwa zaka kwa sababu tu ni rahisi.

Ndugu wanaokupigia simu kila mwezi nao wahesabu. Wengi wanajiona hawatoi sadaka, kumbe wanamsomesha mtoto wa dada yao na kumnunulia shangazi dawa. Hiyo nayo ni sadaka. Iandike, usije ukajibebesha mzigo mara mbili.

Hatua ya 3: Kwa mtu mzima, toa au usitoe, ila usimhoji

Kanuni yangu kwa mtu mzima barabarani ni fupi: kama chenji ipo na moyo upo, ninatoa, wala sifanyi usaili. Sekunde ishirini hazitoshi kujua kama mtu anasema kweli. Ukianza kumchunguza pale pale unapata hadithi iliyopambwa zaidi, kwa sababu umemfundisha kwamba hadithi ndiyo inayolipa. Uchunguzi una mahali pake, kwenye pesa kubwa, nao tutaufikia.

"Atakwenda kunywa" ni hoja inayosikika sana. Mwaka 2014 wachambuzi wa Benki ya Dunia walizipitia tafiti 19 kuhusu kuwapa maskini fedha taslimu, wakakuta kwa jumla fedha hizo hazikuongeza matumizi ya pombe na tumbaku. Mara nyingi yalipungua kidogo. Mwaka 2018 huko Vancouver, watu 50 wasio na makazi walipewa dola 7,500 za Canada kila mmoja kwa mkupuo. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2023, yalionyesha kwamba katika mwaka uliofuata siku walizokaa bila makazi zilikuwa pungufu kuliko za wenzao ambao hawakupewa, na matumizi yao ya vilevi hayakupanda. Mradi ule, hata hivyo, haukuwachukua wenye uraibu mzito wala maradhi makali ya akili. Kwa hiyo usiutumie kudai kwamba noti inatibu kila kitu.

Anayeonekana amelewa au ametumia dawa, mpe chakula na maji badala ya pesa, na usimwambie "acha tu". Mtu ambaye mwili wake umeizoea pombe kwa miaka mingi akiikatisha ghafla anaweza kupata degedege na hata kufa. Anahitaji wahudumu wa afya, na kumwelekeza kliniki kuna faida kuliko hotuba.

Namna ya kutoa nayo ina adabu zake. Salimia kwanza. Kama ameketi chini, inama umpe mkononi, usiirushe sarafu kwenye bakuli kama anayetupa takataka. Kama haoni, mwambie unampa noti ya kiasi gani, maana kuna wanaopita wakichukua noti ya kipofu na kumwachia sarafu. Usimpige picha. Na kama hutoi, sema: "Samahani mama, leo sijajaliwa," ukimtazama usoni. Sura ya Dhuha inakataza kumkaripia mwombaji, na haisemi kwamba ni lazima umpe. Kupita ukijifanya unaongea na simu kunaumiza kuliko kukataa.

Ukiona ombaomba wamezidi, usikimbilie kuita askari. Faini haimtajirishi mtu asiye na kitu. Mwaka 2021 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua dhidi ya Uswisi katika kesi ya mwanamke aliyetozwa faini ya faranga 500 kwa kuomba mjini Geneva, akashindwa kulipa, akafungwa siku tano. Wiki chache kabla, Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji, nyingi zikiwa mabaki ya ukoloni, zinapingana na Mkataba wa Afrika. Kosa la uhalifu ni jingine, na linaanza pale mtu anapomwombesha mwenzake.

Hatua ya 4: Mtoto usimpe pesa taslimu

Hapa ninabana zaidi, na ninajua wengi hawatakubaliana nami.

Mtoto anayeomba anapata zaidi ya mtu mzima kwa sababu anatia huruma zaidi. Hiyo ndiyo sababu ya yeye kuwekwa pale. Kila sarafu inayoingia kwenye kiganja chake inampa aliyemweka hoja ya kumrudisha kesho, saa za masomo, kati ya magari. Akikua, akiota ndevu, huruma inakatika na kipato kinaanguka, naye hana darasa wala ufundi. Ni kazi inayomfukuza mtu akiwa na miaka kumi na tano bila kumwachia kitu.

Kuna aina tatu za watoto hawa, na usizichanganye. Wa kwanza yuko na mzazi wake wa kweli, wote wana njaa. Wa pili ametoroka nyumbani au hana kwao, anaishi na wenzake mitaani. Wa tatu anaombeshwa na mtu mwingine anayechukua kilichopatikana. Dalili za huyu wa tatu ni kama hizi: kuna mtu mzima amekaa mbali kidogo akimwangalia, anakuja kukusanya kila baada ya muda, mtoto anaogopa kurudi kabla ya kufikisha kiasi fulani, anashushwa asubuhi na kuchukuliwa jioni pamoja na wengine, ana jeraha lisilotibiwa wiki baada ya wiki, au kichanga kilekile kinabebwa na wanawake tofauti, nacho kimelala muda wote kwenye kelele na jua.

Kisheria jambo hili ni zito. Itifaki ya Palermo, ya Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2000 inasema kwamba kwa aliye chini ya miaka 18, kumsafirisha, kumpokea au kumhifadhi kwa lengo la kumnyonya ni usafirishaji haramu wa binadamu hata kama hakulazimishwa wala kudanganywa, hivyo "alikubali mwenyewe" haina uzito. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2011 linataja waziwazi kulazimishwa kuomba kuwa aina ya kazi ya shuruti. Mkataba namba 182 wa Shirika la Kazi Duniani, unaohusu aina mbaya zaidi za kazi za watoto, uliridhiwa na nchi zote wanachama ilipofika mwaka 2020. Serikali yako, popote ulipo, imesaini kitu cha kumlinda mtoto huyu, na una haki ya kuikumbusha.

Ufanye nini basi? Kama ana njaa, mpe chakula kilichofunguliwa, ale hapo hapo. Kilichofungwa hurudishwa kikauzwa. Ongea naye dakika mbili kuhusu jina lake, anapolala na nani anakula naye, bila kumtisha. Ukiona dalili nilizozitaja, andika mahali, saa, mavazi na namba ya gari kama ipo, kisha piga simu ya msaada kwa watoto. Katika nchi nyingi ni ya bure, mara nyingi 116 au 116111. Au nenda kwa ofisa ustawi wa jamii wa eneo hilo. Usimkamate mtoto mwenyewe. Usipige kelele za "mwizi wa watoto" barabarani: umati ukikusanyika haungoji ushahidi, na yule mama anaweza kuwa ni mama yake kweli. Usirushe sura ya mtoto mitandaoni hata kwa nia njema.

Kwa mtoto aliye na mzazi wake, msaada upite kwa mzazi, na uwe wa kumwondoa mtoto kwenye lami: sare, daftari, ada, mlo wa shule. Shule inayotoa chakula cha mchana inashindana na barabara vizuri kuliko mahubiri yoyote, kwa kuwa chakula ndicho alichokuwa anakitafuta.

Hatua ya 5: Tazama kinachomfunga pale

Baadhi ya wanaoomba wamefungwa na kitu kimoja kinachoondoleka, na hakuna aliyewahi kuwauliza.

Mchukue kipofu anayeongozwa na mtoto. Mtoto wa jicho ndio chanzo kikubwa kuliko vyote cha upofu duniani, na hutibiwa kwa upasuaji mfupi ambao mara nyingi mgonjwa huenda nyumbani siku hiyohiyo. Si kila kipofu anao, lakini kumpeleka mtu kupimwa macho mara moja ni sadaka ambayo chenji za miaka mitano haziifikii. Kama upofu wake hautibiki, fimbo nyeupe pamoja na mafunzo ya kuitumia humwezesha kutembea peke yake, na mtoto aliyekuwa akimshika mkono anarudi darasani. Watu wawili kwa fimbo moja.

Asiyetembea anahitaji kiti cha magurudumu kinachomfaa. Kiti kikubwa kuliko mwili, au cha hospitali kisichostahimili njia za vumbi, humletea vidonda vya kukalia na huishia kuuzwa. Mguu bandia hupimwa na fundi wake na hubadilishwa kila baada ya miaka michache, kwa hiyo ukiahidi mguu umeahidi na matengenezo. Ukoma unatibika, na dawa zake zimekuwa zikitolewa bila malipo duniani tangu mwaka 1995 kupitia Shirika la Afya Duniani. Yule aliyepoteza vidole mara nyingi alishapona zamani, na kinachomfukuza kazini ni woga wetu.

Kizuizi kingine ni karatasi. Asiye na kitambulisho hasajili laini ya simu, hafungui akaunti, hapati bima wala ruzuku ya serikali. Kumsindikiza mtu ofisini asubuhi mbili tatu mpaka apate hati zake kunagharimu nauli na uvumilivu tu.

Hatua ya 6: Mtafute asiyeomba

Sura ya Baqara, aya ya 273, inawazungumzia mafukara ambao asiyewajua huwadhani matajiri kwa jinsi wanavyojizuia kuomba. Hawa hawamo barabarani. Ni mjane anayepika maji ili watoto waone moto unawaka. Ni mzee aliyeacha dawa za presha mwezi wa pili sasa. Ni kijana aliyeacha kuja kazini akasema anaumwa, kumbe nauli imekata.

Kuwapata kunataka uulize watu sahihi: mwalimu wa darasa anajua nani analala kwa njaa, muuza duka anajua nani amegeuza deni la wiki kuwa la miezi, mhudumu wa dawa anajua nani ananunua nusu dozi, imamu au mchungaji anajua nani amepotea. Waombe majina mawili matatu, na uwaombe pia wawe ndio watoaji, wewe ukae nyuma. Mtu aliyeificha aibu yake kwa mwaka mzima hataki kudaiwa shukrani kila mkutanapo sokoni. Lipa deni lake dukani kimya. Lipa ada kwa mhasibu, stakabadhi itoke kwa jina la mzazi.

Hatua ya 7: Kumtoa mtu mmoja barabarani

Hii ndiyo nusu ya fungu lako, na ndiyo hatua inayohitaji akili nyingi.

Anza na uhakiki, kwa sababu sasa ni pesa kubwa. Ipo hadithi ya Mtume katika mkusanyo wa Imamu Muslim inayotaja watu watatu wanaohalalishiwa kuomba: aliyebeba dhamana ya deni, aliyepatwa na janga lililomaliza mali yake, na aliyepatwa na ufukara mpaka watu watatu wenye akili katika jamaa zake wakamshuhudia. Ninaipenda kama kanuni ya kazi hata kwa asiye Muislamu: kabla ya kutoa mtaji, zungumza na watu watatu wanaomjua mhusika wasio na mgao katika msaada huo. Mmoja awe jirani, mmoja awe mtu aliyewahi kumwajiri au kumkopesha, wa tatu achague yeye mwenyewe.

Kisha jifunze kutoka kwa simulizi ya Abu Dawud, mkusanyaji mwingine wa hadithi za Mtume, kuhusu mtu wa Madina aliyekuja kuomba kwa Mtume. Aliulizwa kwanza ana nini nyumbani. Alikuwa na nguo ya kujifunika na chombo cha kunywea. Vikanadiwa kwa dirhamu mbili. Moja aliambiwa anunulie familia chakula, ya pili anunue shoka; akatiliwa mpini, akatumwa kukata kuni, na akaambiwa asionekane kwa siku kumi na tano. Alirudi na dirhamu kumi. Angalia mpangilio: kilichopo kinahesabiwa kabla ya kuongeza, chakula kinatangulia mtaji ili mtaji usiliwe, chombo cha kazi ni kile anachokiweza, kuna muda uliowekwa, na kuna siku ya kurudi kuonana.

Karne nyingi baadaye, shirika la BRAC la Bangladesh lilianza mwaka 2002 mpango wa kuwainua mafukara wa mwisho kwa mpangilio unaofanana sana na huo: mali ya uzalishaji kama mifugo, posho ya chakula kwa muda, mafunzo, akiba, huduma za afya, na mtu anayewatembelea mara kwa mara kwa miaka miwili. Mpango huo ulipojaribiwa katika nchi sita, Ethiopia, Ghana, Honduras, India, Pakistani na Peru, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba mwaka mmoja baada ya msaada kukoma, walioshiriki kwa jumla walikuwa bado wanakula na kumiliki zaidi ya wenzao. Naye Musa bin Maimun, mwanazuoni wa Kiyahudi aliyeishi Misri katika karne ya 12, alipozipanga ngazi nane za kutoa, ya juu kabisa aliiweka kumpa mtu mkopo, ubia au kazi asihitaji tena kuomba.

Kwa mtoaji mmoja mwenye kipato cha kawaida, fanya hivi. Chagua mtu mmoja au familia moja kwa mwaka, si kumi. Mwulize alikuwa akifanya nini kabla ya kuomba, na aliwahi kujaribu nini kikafa, kilikufa kwa nini. Yeye achague kazi. Wewe uliza maswali ya hesabu: bidhaa inanunuliwa wapi, inauzwa siku ngapi, ikioza nani anabeba hasara? Gawanya msaada mara mbili, posho ya kula ya miezi mitatu na mtaji wenyewe. Posho ishuke kidogo kidogo, mtaji utoke kwa awamu. Nunueni vifaa pamoja, risiti akae nazo yeye. Mtembelee kila wiki mwanzoni, na katika kila ziara ulizia akiba kabla ya mauzo, maana akiba ndiyo itakayomshika mtoto akiugua usiku. Mwunganishe na kikundi cha kuweka na kukopa, hata kama anaanza na kiasi cha kuchekesha.

Wapo ambao biashara haitawafaa kamwe: mkongwe, mgonjwa mahututi, mwenye maradhi makali ya akili. Usiwasukumie mtaji. Wape posho ya kila mwezi isiyo na masharti, na wapeleke kliniki. Kumdai bibi wa miaka themanini "ajitegemee" ni ukatili uliovaa maneno ya maendeleo.

Hatua ya 8: Michango ya mtandaoni na taasisi

Ukiletewa ujumbe wa mgonjwa anayehitaji upasuaji leo kabla ya saa kumi, piga simu hospitali kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, si ile iliyo kwenye ujumbe, uulize ofisi ya ustawi wa jamii kama mgonjwa yupo, kisha lipa moja kwa moja kwenye akaunti ya hospitali. Itafute picha ile mtandaoni uone imeshatumika wapi. Mwenye shida ya kweli hukasirika mara chache ukihakiki; tapeli ndiye anayekuharakisha.

Taasisi ipime kwa kuuliza ilifanya nini mwaka jana, kwa watu wangapi, na nani alikagua hesabu. Kiasi inachotumia kwenye mishahara peke yake hakikuambii mengi: shirika la macho lisilolipa madaktari halipasui jicho. Kuwa mwangalifu na vituo vya watoto yatima vinavyoalika wageni kuja kucheza na watoto. Watoto wengi wanaolelewa kwenye vituo duniani wana angalau mzazi mmoja aliye hai, na pesa ileile ikimfikia bibi au mama huyo ingemlea mtoto nyumbani. Uliza kituo ni watoto wangapi kimewarudisha kwao. Wakikosa jibu, ondoka na pochi yako.

Kwenye maafa toa fedha, si marobota. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, mkoa wa Aceh nchini Indonesia ulipokea maelfu ya tani za dawa za msaada, nyingi zikiwa hazihitajiki au zimeandikwa kwa lugha ambazo wahudumu hawakuzisoma, na nyingine zikalazimika kuteketezwa kwa gharama.

Akirudi barabarani

Litatokea. Utampita siku moja uliyemnunulia vifaa, ameketi palepale alipokuwa. Usishuke garini na hasira, wala usijifanye hukumwona. Msalimie kwa jina, mpange siku ya kukaa mkazungumza mahali pasipo na watu, na siku hiyo swali liwe moja: nini kilikatika? Kama ni ugonjwa uliokula mtaji, kinachohitajika sasa ni bima au kadi ya matibabu kabla ya mtaji mwingine. Kama ni mtu wa nyumbani aliyemnyang'anya, mtaji wa pili usiende mikononi mwake kwa fedha. Lipia kibanda au mzigo kwa muuzaji wa jumla. Kama kazi ilimshinda, mpeni nyingine iliyo ndogo. Kama ni ulevi, simamisha mtaji, endeleza chakula, na mshirikishe mhudumu wa afya. Na kama hataki kurudi kwenye kazi kabisa, mwambie waziwazi kwamba fungu la mtaji unalihamishia kwa mwingine, ila chenji ya njiani bado ipo siku ikiwapo.